Mama Akamuzaa na Mstari Mtupu

Kanyere Séphora ni binti ya Sikuli, aliyefyeka msitu wa Kasugho kwa shoka mbili mpaka jamaa kumi na mbili zikapata mashamba. Sikuli alikuwa mwana wa Kahongya, aliyebeba kengele ya kanisa kichwani toka Lubero, siku tatu, akiwa ameijaza majani ya ndizi ili isilie njiani kabla ya kufika mahali pake. Kahongya alikuwa mwana wa mtu aliyekimbia njaa akiwa na mbuzi mmoja. Jina la huyo tunalo, lakini jambo lingine alilofanya hatulijui. Kwa upande wa mama, Séphora ni mjukuu wa Agar, aliyezalisha wanawake wa Kasugho miaka thelathini na kupoteza wawili tu, na hao wawili aliwataja kwa majina katika maombi mpaka siku aliyokufa. Séphora aliolewa na Jéthro Mathe, mpasua mbao wa Beni. Ni mama ya Masika Falonne, ambaye hakumzaa, na ya Christa, ambaye alimzaa.

Yeye mwenyewe ndiye anayependa itajwe hivyo, bila kuruka mtu. Mimi nimekaa naye benchi moja kanisani karibu miaka thelathini, Beni na sasa Butembo, na ninaandika vile anavyopenda.

Alisoma mpaka darasa la nne tu. Lakini mwalimu wao wa Kasugho alikuwa na akili. Watoto wa pale walijua Zaburi kwa kichwa kabla ya kujua herufi. Ukiwapa kitabu wanatazama karatasi na kuimba, na mwalimu hajui nani anasoma na nani anadanganya. Basi akawafundisha kusoma kwa orodha za majina. Wimbo unaweza kuukisia, Zerubabeli huwezi kumkisia. Hapo lazima usome. Wenzake wengi walikimbia shule kwa ajili ya majina hayo. Séphora alitoka pale akisoma jina lolote bila kukwama, tena akiyapenda.

Alipoolewa mwaka 1996 na kuja kukaa Bungulu, kule Beni, sisi tulikuwa na shida kila Jumapili ya mwisho kabla ya Noeli. Ndiyo Jumapili ya kusoma mwanzo wa Matayo, toka Abrahamu mpaka Yosefu. Wasomaji wote walikuwa wanapata homa wiki ile. Huyu anaenda kumsalimia shangazi, yule sauti imekauka. Séphora akasema atasoma yeye. Akasimama, akasoma yote, pole pole, kila mtu na mtoto wake, na watoto wachanga wakaanza kulia na wazee wakaanza kulala.

Alipotoka nje, Kitsa, mkubwa wa kwaya, akamwambia, "Mama, ungeliruka tu ufike kwa kuzaliwa. Batu bana njaa."

"Kitsa, siku utakufa tukianza kutaja bababu zako, turuke pia? Tufike tu kwa sanduku?"

Watu wakacheka, na toka siku ile orodha ikawa kazi yake ya kila mwaka. Vijana wakampa jina kwa neno linalojirudia katika orodha ile: Mama Akamuzaa.

Jina hilo lilikuwa na miiba, kwa sababu miaka sita Séphora hakupata mimba. Kwenye bomba la maji wanawake wengine walikuwa wanamwuliza, "Mama Akamuzaa, ya kwako tutaisoma lini?" Yeye anajaza bido lake, anaweka kichwani, anasema, "Abrahamu alingoja kunipita," na anaenda. Sikumwona akilia. Ila niliona alibadilisha saa ya kwenda bomba.

Mwisho wa mwaka 2002 wakimbizi wa kutoka Mambasa walijaa Beni. Walilala katika makanisa na katika vyumba vya shule. Sisi wamama wa kanisa tulikuwa tunapeleka uji. Katika darasa moja la Bungulu, chini ya ubao, tulikuta mwanamke mwenye homa kali na mtoto wa kike, labda wa wiki tatu. Siku ya tatu mama akafa. Tuliwauliza wote wa darasa lile. Walisema walikutana naye njiani, penye kuvuka mto, hakuna aliyejua jina lake wala kwao. Tulimzika. Séphora akabaki na mtoto magotini. Alienda naye kwa chefu wa kartie, mkubwa wa mtaa, wakamwandika, wakatangaza redioni mwezi mzima. Hakuna mtu aliyekuja.

Sasa, kwetu jina linafuata namna mtu alivyozaliwa. Wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, na ukisikia mtu anaitwa nani unajua amefuata nani. Binti wa kwanza ni Masika. Siku ya kumpeleka mtoto kanisani, Gérard, kaka mkubwa wa Jéthro, alikuja kusema neno lake. Gérard ni shemasi, mtu wa haki, hata ukikasirika naye utasema hivyo.

"Mumupatie jina ya Mungu, Falonne, yatosha," akasema. "Masika ni ya damu. Kesho shemeki atazaa, mutoto wake atakosa jina."

Jéthro alikuwa mtu wa maneno machache. Kazi ya msumeno inafanya mtu hivyo. Akamwuliza kaka yake, "Yaya, nani alifika wa kwanza?"

Mtoto akaandikwa Masika Falonne. Miaka miwili mbele Séphora akazaa Christa, na Christa akapewa jina la binti wa pili. Gérard alileta kuku, akahesabu kwa vidole, akacheka kidogo. Lakini hakusahau.

Falonne aliambiwa akiwa na miaka kumi, mchana, wakichambua maharage. Séphora hakuzunguka. Mtoto akauliza swali moja tu, "Mama yangu alikuwa anaitwa nani?" Séphora akasema, "Hatuyuwe." Mtoto akaendelea kuchambua.

Mwaka 2014 mauaji yalipokaribia, tulitoka Beni wengi. Séphora na Jéthro walifika Butembo na godoro, sufuria mbili, msumeno na Biblia. Katika kurasa nyeupe za mwisho wa Biblia hiyo, Séphora alikuwa ameandika orodha ya nyumba yao, ya Jéthro na ya kwake, toka yule wa mbuzi mmoja. Mbele ya jina la Falonne alikuwa amepiga mstari kwa rula, na juu ya mstari hakuna kitu. Nilimwuliza ule mstari ni wa nini. Akasema ni wa mama ya mtoto.

Jéthro alikufa miaka minne baadaye, ugonjwa wa tumbo. Gérard alibaki Beni. Na hapa Butembo watu walimjua Falonne kama Masika wa marehemu Jéthro, basi. Séphora hakuficha jambo, lakini hakuna aliyemwuliza.

Sasa tunafika kwa Jacob. Ni kijana wa Mutwanga, analehemu milango na madirisha ya chuma. Falonne anashona, mashine yake iko mbele ya boutique, duka la mtaa, nyumba ya tatu kutoka kwa Jacob. Kijana alileta salopeti yake ya kazi ishonwe goti. Wiki iliyofuata goti limepasuka tena. Mara ya nne Falonne akamwambia, "Jacob, hii si moto ya poste ya kulehemu. Hii ni makasi." Ndivyo walivyoanza.

Watu wa Mutwanga wakatuma habari kwamba watakuja Jumamosi kujionyesha, ndiyo kuja kuposa. Kwetu, kabla ya kutaja hata mbuzi mmoja, mzee wa upande wa binti anasimama na kusema ukoo wake: baba, babu, na wengine wa nyuma yao. Kisha upande wa kijana nao wanasema wao. Watu wote wanasikiliza kama damu inakutana mahali. Ikikutana, mnakunywa chai, mnaagana, mambo yamekwisha. Aliyepaswa kusimama kwa Falonne ni Gérard, kwa sababu ndiye mkubwa wa baba yake.

Gérard alifika Jumatatu. Nilikuwa pale, nimeleta mboga ya sombe. Alikunywa maji, akaweka kofia gotini.

"Shemeki, miye siwezi."

"Hauwezi nini?"

"Kusimama. Nikisema ile binti ni ya Jéthro, niko naongopea batu mbele ya Mungu. Banakuja kuuliza damu. Damu yake siiyuwe. Na kama mama yake alikuwa wa kwabo? Kama Jacob ni kaka yake? Utajibu nini?"

Séphora hakukasirika. Aliketi. Falonne alikuwa mlangoni na nguo ya mtu mkononi, pini mdomoni, na hakuondoka.

"Baba mukubwa," akasema, baada ya kutoa pini, "kwa hiyo miye ni wa nani?"

"Mwana, hapana kuniuliza vile. Weye ni mwana yangu. Nilikubeba mu mugongo kule Beni, ukingali mutoto, siku ile ya masasi ya bunduki. Lakini orodha ni orodha."

Séphora akamwambia kwamba Yosefu naye hakumzaa Yesu. Orodha yote ya Matayo, toka Abrahamu, inatembea mpaka kwa Yosefu, na Yosefu hakuzaa. Alichofanya ni kumpa mtoto jina, na pamoja na jina akampa orodha yote. Kama hiyo haihesabiwi, basi Matayo alipoteza wino wake.

"Ile ni kweli," Gérard akasema. "Lakini Yosefu hakuwa anaoza binti kwa batu ya Mutwanga."

Hata Falonne alicheka. Gérard mwenyewe hakucheka. Akafungua Biblia yake kwa Ezra, pale wanapohesabiwa waliorudi kutoka uhamishoni. Akatuonyesha wale waliotafuta majina yao katika orodha za jamaa na hawakuyapata, hata makuhani, wakatolewa katika kazi ya ukuhani. "Unaona? Si miye. Hata wakati ule, mutu asiye na orodha aliambiwa akae kando."

Séphora akachukua kitabu. Alisoma muda mrefu, midomo ikitembea, vile alivyofundishwa Kasugho. Chai ikapoa.

"Yaya Gérard, soma tena. Baliambiwa bangoje mpaka kuhani atakuja kumuuliza Mungu. Hapana kufukuzwa. Kungoja. Na angalia mbele yao: hawa walitoka mji fulani, hawakuweza kuonyesha nyumba ya baba zao. Halafu imeandikwa ni bangapi."

"Ndiyo."

"Basi aliyeandika alijua kwamba habayuwe. Na aliandika. Habakuficha, habakuruka. Baliandika: hawa, hatuyuwe. Na bakabahesabia pamoja na bengine."

Gérard akasoma tena. Mimi nilisikia jambo ambalo sikuwa nimelisikia miaka yote kanisani. Pasta wetu anapofika kwa orodha hizo husema ni ushuhuda kwamba Mungu anatimiza ahadi, na anapita. Siku ile Séphora alisema neno lingine. Alisema watu wanaokaa kwao hawana haja ya kuandika orodha, kila mtu anajua mtoto wa nani anapita barabarani. Wanaoandika ni wale waliotoka mbali, waliokimbia, kama sisi tulivyofika Butembo. Mtu akikimbia anabeba godoro, anabeba sufuria, na anabeba majina. Na akifika, wa kwanza wa kuhesabiwa ni yule aliyepotelewa na watu wake njiani.

"Miye sitaki uongope," akamwambia Gérard. "Wewe simama, taja mpaka kwa Jéthro. Hapo unyamaze. Miye nitasema yenye inabaki."

"Mwanamuke hasemi pale."

"Ndiyo maana nasema unyamaze kwanza."

Gérard alizungusha kofia. Akamtazama Falonne. "Na wakitoka? Wakisema hapana? Mwana, weye ndiye utabaki na aibu."

Falonne akasema, "Bakiyuwa baada ya ndoa, nitabaki nayo vilevile. Na nitakuwa mu nyumba yao."

Jumamosi walikuja watu tisa. Mbele yao Abdias, baba mdogo wa Jacob, mwenye shamba la kahawa chini ya Rwenzori, na shangazi yake, mama mmoja mnene anayeitwa Agar, jina tu kama la bibi ya Séphora, ambaye macho yake yalikuwa yamehesabu vikombe vyetu kabla hajaketi. Tuliimba, tukaomba, tukawapa chai na mikate.

Gérard akasimama. Alitaja vizuri, sauti ya shemasi. Alipofika kwa Jéthro Mathe, mpasua mbao, aliyejenga mapaa ya makanisa matatu, akanyamaza na kuketi. Watu wa Mutwanga wakatazamana. Séphora akasimama na Biblia yake imefunguliwa nyuma.

"Jéthro hakumuzaa," akasema. "Hata miye. Mama yake alikimbia Mambasa mwaka 2002, akafia mu darasa la Bungulu. Jina lake hatuyuwe, kwabo hatuyuwe. Hapa nimeandika mustari, ni mutupu, muone. Yenye tunayuwa ni hii: mwanamke yule alitembea na homa akabeba mutoto, mutoto akafika muzima. Ile ndiyo kazi yake, na miye naitaja."

Christa alikuwa ameshika birika na hakujua aliweke wapi.

Agar ndiye aliyeongea kwanza. "Lakini anaitwa Masika. Siye tulihesabu, tukasema ni wa tumbo la kwanza."

"Alifika wa kwanza, mama."

Abdias akakohoa. "Mama Falonne, kama ungelinyamaza, nani mu hii nyumba angeliyuwa?"

"Hakuna."

"Sasa mbona umesema?"

"Munakuja kuuliza damu. Nikiongopa pa jina moja, na Sikuli atakuwa uongo, na Kahongya na kengele yake."

Abdias akasema maneno ya adabu. Akasema hawezi kujibu peke yake, lazima apeleke neno kwa wazee wa nyumbani, waulizane nani wa kwao aliwahi kwenda pande za Mambasa. Wakaondoka, na vikombe vingine vilibaki nusu.

Ilichukua wiki tatu. Jacob alipiga simu kila siku, lakini hakuwa na habari, alisema tu ameomba. Falonne alishona sare za kwaya nzima. Kwenye boutique wanawake waliongea, na mmoja alimwuliza kama kweli aliokotwa, akajibu, "Nilibebwa. Kuokotwa ni kwa viazi." Gérard alisema atarudi Beni Jumatatu, kisha Jumatatu nyingine. Alipanga upya manjanja, mabati ya paa la jikoni, akatengeneza mlango ambao haukuwa na ubaya wowote. Hakusema kwamba ameona makosa, na sidhani alikuwa ameyaona. Alikaa tu.

Ijumaa ya wiki ya tatu pick-up ikasimama. Abdias akashuka, Agar akashuka, na nyuma akashuka mzee mmoja mwembamba ambaye hatukuwahi kumwona.

"Mu ukoo wetu," Abdias akasema walipoketi, "ni mutu mumoja tu alienda Mambasa. Nimemuleta aseme mwenyewe."

Mzee akasimama. "Ni miye. Nilienda kutafuta zahabu, nikapata malaria. Miezi mine. Sikuzaa kule." Akaketi. Akasimama tena. "Muke wangu anayuwa."

"Muke wake ndiye alikuwa wa kwanza kumuuliza," Agar akasema, "na alimuuliza usiku tatu mufululizo. Huyo tumemuamini."

Gérard alicheka mpaka akatoa kitambaa. Ndipo Abdias akasimama na kutaja ukoo wa Jacob, mtu kwa mtu, na damu haikukutana mahali ambapo mtu yeyote aliweza kuonyesha. Ya pale ambapo hakuna awezaye kuonyesha, akasema, wameyaweka mikononi mwa Mungu, kama wale wa Ezra. Gérard alikuwa amempigia Abdias simu kumsomea mistari ile, hilo tulilijua siku ile.

Walioana mwezi wa nane. Jacob alikuwa amepata nafasi ya kufungua karakana kwao Mutwanga, kwa hiyo baada ya siku chache walifungasha. Asubuhi pick-up inangoja, mashine ya kushona imefungwa kamba juu ya godoro, Séphora alimwita Falonne ndani. Mimi na Christa tulikuwa tunafunga mikate.

Alimpa kaye mpya, daftari lenye kifuniko kigumu. Ndani alikuwa amenakili orodha yote kwa mkono wake, herufi kubwa za darasa la nne: yule wa mbuzi mmoja, Kahongya, Sikuli, Agar na wawili wake, watu wa Jéthro, Jéthro. Kisha mstari uliopigwa kwa rula. Chini yake, Masika Falonne. Chini ya hapo, nafasi.

"Mama, hii mustari nifanye nayo nini?"

"Kule Mutwanga batu banapita, ba kutoka kila upande. Ukisikia mutu wa Mambasa, umuulize. Mwambie mwaka, mwambie mto, mwambie mutoto wa wiki tatu. Ukipata jina, andika na biki, si kalamu ya risasi. Ukikosa, hapana kuufuta, na hapana kutunga jina. Utaupiga tena mu kaye ya binti yako, na yeye aulize."

"Na kama hata yeye akose?"

"Atakuwa na rula."

Falonne akaweka kaye kifuani, ndani ya kikwembe alichovaa, akafunga vizuri. Alikuwa amefika mlangoni Séphora alipomwita tena.

"Na Jumapili ya mbele ya Noeli, kule kwabo, bote batakuwa na homa. Useme utasoma weye. Usiruke mutu."